Mgonjwa Asiyetaka Mikono Mingine

Sura ya Sita

Siku hiyo Nyanchera aliamka akiwa amechoka, akanywa chai akiwa amechoka, na alipofika kazini Keroka hata ngazi za kupanda kliniki zilimwonea huruma. Kliniki yenyewe ilikuwa orofani, juu ya duka la mabati na misumari, na kule chini watu walishinda wakigonga nyundo utadhani Nuhu ameagiza safina ya pili. Kule juu, waliopooza, waliovunjika na walioanguka kutoka kwa boda boda walikuja kufundishwa upya kazi ambazo kila mtoto huzijua bila kufundishwa: kukaa, kusimama, kupiga hatua. Nyanchera alikuwa mmoja wa wale waliowafundisha. Hakuwa na sindano wala vidonge, kwa hiyo watu wa sokoni walimwita daktari wa mikono.

Na mikono hiyo sasa ilikuwa inamuuma. Alikuwa ameifanya siri kwa muda, akiitia kwenye mifuko ya koti lake jeupe kama mtu aliyeiba maembe.

Mwenye kliniki, Jacinta, alikuwa ametoka kwenye semina Kisii mjini akarudi na desturi mpya. Mara moja kwa wiki, kabla wagonjwa hawajaanza kupanda, wafanyakazi wanakaa na vikombe vya chai na kila mmoja anasema anaendeleaje. Si kikazi. Moyoni.

"Eric, anza," alisema Jacinta.

"Moyo uko fiti, Madam," alisema Eric, kijana mrefu mwenye shingo ya twiga na ulimi usiolala. "Ni tumbo ndilo lina malalamiko. Limeona chai, halijaona mandazi."

"Ratemo?"

"Niko sawa."

"Nyanchera?"

"Niko sawa, Madam."

Jacinta aliwatazama mmoja mmoja juu ya miwani. "Kliniki hii ina watu wazima wa afya kuliko Gusii nzima. Sijui wagonjwa huwa tunawatoa wapi."

Wakacheka, wakainuka. Nyanchera alipotaka kupita, Jacinta alimshika kiwiko.

"Wewe subiri. Mbona umeshika kikombe kwa mikono miwili?"

"Ni baridi, Madam."

"Keroka ina baridi tangu Mungu aiumbe, na mwezi jana ulikuwa unakishika kwa mmoja. Nikuondolee mgonjwa gani? Yule mzee wa Manga?"

"Yaya," alikataa kwa Kigusii. "Yule hapana."

"Kwa nini?"

"Hataki mikono mingine."

Hilo lilikuwa kweli, na Jacinta alilijua. Mzee wa Manga aliitwa Onyiego, na alikuwa baba yake Ratemo, huyu huyu Ratemo aliyekuwa sasa dirishani akijifanya anatazama mabati. Kiharusi kilikuwa kimempiga mzee upande wa kushoto. Mtu angeuliza, na wengi waliuliza, kwa nini mwana aliyesomea kazi hiyo asimnyooshe babake mwenyewe. Aliyeuliza hivyo hakuwa Mgusii. Kati ya baba na mwana aliyetahiriwa kuna chinsoni, ile heshima yenye haya ndani yake, na mwana hafunui paja la babake hata kama amesomea mapaja chuo kikuu. Basi wakampeleka Eric. Mzee alimvumilia siku moja, akamwambia vidole vyake ni baridi kama vya chura, na kwamba akirudi atafungiwa mbwa mlangoni. Kisha akaja Nyanchera, mtoto wa watu kutoka Kebirigo, asiye na undugu na nyumba ile hata wa mbali, na mzee akatulia.

Asiye na undugu. Hapo ndipo penye shida yote ya sura hii.

Kwa maana Nyanchera na Ratemo walikuwa wakipendana. Haikuanza kwa barua wala kwa maua. Ilianza kwa kumwinua mama mmoja mnene wa Nyansiongo aliyevunjika nyonga, Ratemo akiwa upande wa bega, Nyanchera upande wa kiuno, yeye akihesabu moja, mbili, na Nyanchera akimalizia tatu. Waliinua wengi baada ya huyo. Siku moja wakajikuta wamependana huku wamemshika mtu mwingine katikati. Ratemo akaahidi kutuma wazee Kebirigo wakamwombe. Akasema baada ya bonasi ya majani chai, ile wakulima wanayolipwa kila mwaka. Bonasi ikaja. Akasema baada ya mvua. Mvua ya Nyamira nayo ina tabia yake, haiishi, inapumzika tu ikapange upya. Mama yake Nyanchera alikuwa amepaka rangi sebule kwa ajili ya wageni hao, na rangi ilikuwa imeanza kupauka.

Sasa hata kuuliza Nyanchera alikuwa ameacha. Kuuliza nako ni kazi, na yeye kazi alikuwa nazo za kutosha.

*

Alasiri Ratemo alimpeleka Manga kwa pikipiki yake, kama kawaida. Njia ya kupanda ule mgongo wa Manga ina mwinuko ambao mbuzi wa huko, wanasema, huomba kabla ya kuushuka. Mara moja macho yao yalikutana kwenye kioo cha pikipiki, yakaachana haraka kama ya watu waliokosana wakapangwa kiti kimoja kanisani.

"Umekula?" aliuliza Ratemo walipofika.

"Nimekula."

"Nyanchera."

"Niko sawa, Ratemo. Acha nifanye kazi."

Ratemo alibaki nje karibu na jiko, kama alivyotakiwa. Nyanchera akaingia.

Mzee Onyiego alikuwa kwenye kiti chake cha mbao karibu na dirisha lililotazama majani chai, amenyolewa, amevalishwa shati la Sabato ingawa haikuwa Sabato. Mdomo wake ulikuwa umeanza kunyooka, na maneno yalikuwa yamerudi, mazito kidogo lakini mengi.

"Umechelewa, daktari."

"Pikipiki ya mwanao inachoka mlimani, Mzee wangu."

"Sisi hatukuwa na pikipiki. Mimi nimebeba lori la majani chai kwa bega hili." Akaligusa bega la kushoto, lile lililolala. "Lilikwama hapo chini. Dereva analia. Nikaweka bega, nikasukuma, mkono wa pili ninakula ndizi."

"Juma lililopita ilikuwa trekta."

"Trekta ilikuwa siku nyingine."

Nyanchera alicheka, na akachoka kwa kule kucheka. Akapiga magoti, akaushika mguu wa mzee chini ya goti, akaanza kuukunja na kuunyoosha. Maumivu yalipanda kutoka kwenye dole gumba lake hadi kiwiko. Akauma mdomo kwa ndani.

"Ninakuumiza?" aliuliza mzee.

"Mimi ndiye ninayetakiwa kukuuliza hilo."

"Basi niulize."

"Ninakuumiza, Mzee?"

"Hapana. Sasa nijibu wewe."

Hapo Mama Mokeira, mkewe mzee, aliingia na chupa ya chai kwapani. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, na tangu mumewe alale alikuwa amezidi kuwa mdogo, kama sabuni ya kufulia. Akavuta kigoda, akakaa karibu na Nyanchera, akashusha sauti kwa namna ya mtu mwenye neno.

"Daktari, wewe si ni wa Kebirigo?"

"Ndiyo, Mama."

"Unamjua mwalimu mmoja huko, Gesare? Wa kwa kina Osoro, karibu na soko."

"Tulisoma naye."

Uso wa Mama Mokeira ukachangamka. "Mungu ndiye amekuleta. Ni msichana wa namna gani? Usinifiche, wewe ni kama mtu wa hapa sasa. Anafanya kazi? Mamake si mgomvi? Huyu Ratemo wangu anazeeka pale nje kama jembe lililoachwa kwa mvua. Nimemwambia atafute mtu, anatazama chini. Nimeamua nimtafutie. Sasa mimi sina miguu ya kwenda Kebirigo kuulizauliza, na mzee hivi nitamwachia nani? Lakini wewe unaenda huko kila mwisho wa wiki. Niulizie. Uniangalilie kama huyo Gesare anamfaa."

Mguu wa mzee ulikuwa mikononi mwa Nyanchera. Hakuuangusha. Aliukunja, akaunyoosha, akaukunja tena, na alijisikia akisema kwa ile sauti ya kliniki, sauti laini ambayo hutumika hata mgonjwa akikutapikia viatuni.

"Gesare ni msichana mzuri, Mama. Ana heshima."

"Umeona! Nilijua. Nawe ukimsifu najua ni kweli, maana wewe huna faida hapo." Akainuka kwa furaha. "Ngoja nilete vikombe. Na viazi vitamu viko jikoni, leo huondoki bila kula."

Akatoka. Nyanchera aliuweka mguu wa mzee sakafuni taratibu, akahakikisha unyayo umekaa sawa na mgongo wake umeegemea kiti.

"Nipe nafasi kidogo nivute hewa, Mzee wangu. Usijaribu kusimama."

"Nenda," alisema mzee. Alikuwa amemtazama muda mrefu kuliko kawaida yake.

*

Majani chai yalianzia pale pale chini ya dirisha. Nyanchera alipita kati ya mistari hadi alipodhani yuko mbali, ingawa mtu mwenye hasira hana kipimo kizuri cha umbali. Ratemo alimfuata.

"Kuna nini? Baba ameanguka?"

"Babako yuko kitini. Mamako amenipa kazi."

"Kazi gani?"

"Nimchunguze Gesare wa Kebirigo. Mwalimu. Nione kama kwao ni watu wazuri, ndiyo umuoe."

Ratemo alifumba macho. "Hakuniambia."

"Yeye hakukuambia, na wewe hukumwambia. Hii nyumba yenu imejaa watu wa siri mpaka sijui mnaambiana vipi chakula kiko tayari."

"Nyanchera, sikiza."

"Nimesikiza. Nilisikiza bonasi, nikasikiza mvua. Sasa nataka usikize wewe. Kama hunitaki, sema. Sitakufa. Nitalala siku moja, nitaamka, nitaenda kazini. Lakini usiniache nimshike babako mguu huku mamako ananiuliza kama kuna msichana anayekufaa."

"Ninakutaka."

"Basi tatizo ni nini?"

Ratemo alichuma jani la chai, akalikunja, akalitupa. "Siku wazee wetu wakivuka mlango wa kwenu, siku hiyo wewe unakuwa mke wa mwana wa nyumba hii. Unajua maana yake."

Alijua. Mtu yeyote aliyelelewa Gusii anajua. Mke wa mwana na baba mkwe hawashikani hata mkono wa salamu. Hakai kitandani kwake. Hampiti kwa kumgusa mlangoni. Vijana wa mjini siku hizi wanacheka hayo, wengine wanapigana pambaja na wakwe zao mbele ya kamera, lakini Mzee Onyiego hakuwa wa mjini na hakuwa wa siku hizi. Angekaa kwenye kile kiti mpaka mizizi iote kabla hajakubali mke wa mwanawe amshike chini ya paja.

"Angebaki na nani?" Ratemo aliendelea. "Eric, baba alimfukuza. Mimi siwezi. Nikajiambia, acha atembee kwanza. Siku atakayofika mlangoni peke yake, kesho yake niko Kebirigo."

"Ulijiambia."

"Ndiyo."

"Mimi uliniambia lini?"

Upepo ulipita juu ya majani chai, ukayalaza yote upande mmoja, ukayaacha.

"Kazini tunafanyaje?" aliuliza Nyanchera, na sasa sauti yake ilikuwa imepanda. "Mgonjwa mzito hatumwinui bila kuambiana. Wewe unasema moja, mbili, mimi nasema tatu. Huyu umeniachia nimwinue peke yangu, na hukuniambia hata uzito wake. Umenifanya fimbo ya babako, Ratemo. Fimbo haiulizwi kama inataka kwenda."

"Niliogopa ukijua utamwacha."

"Na hukuogopa nitakuacha wewe?"

"Hilo niliogopa kila siku." Alisema hivyo akitazama viatu vyake. "Nilikuwa naogopa vyote viwili na sikujua nianze na kipi."

Nyanchera alitaka kumjibu kwa ukali, na ukali ulikuwepo, umejaa kifuani. Lakini aliona Ratemo hainui macho kutoka kwenye viatu, akaushikilia kidogo.

"Unajua baba alivyoanguka?" Ratemo alisema. "Ilikuwa hapo nje, bafuni. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta. Nilisikia akianguka. Nimesomea kuinua watu. Nikasimama pale nje ya mlango nikamwita jirani, Nyabuto, aje amwinue babangu, kwa sababu babangu hakuwa amevaa. Nyabuto hajui kuinua. Alimvuta kwa mkono, ule ule wa kushoto. Baba alilia, na mimi niko nje nasema, pole pole Nyabuto, shika begani, si mkono. Nafundisha kupitia ukuta." Akapangusa pua kwa kiganja. "Kila wiki Madam Jacinta akiniuliza ninaendeleaje, nasikia ile sauti. Halafu nasema niko sawa."

Hakuwahi kumwambia mtu hayo. Nyanchera aliyaona yakimtoka kama mwiba uliokaa siku nyingi.

"Nimechoka, Ratemo," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo kwa mtu, na alishangaa jinsi lilivyokuwa dogo mdomoni.

"Sijachoka na babako. Babako ndiye mtu pekee anayeniuliza kama ninaumia. Nimechoka kuwa sawa. Niko sawa kwa Jacinta, niko sawa kwa mamako, nikienda nyumbani niko sawa kwa mama yangu na ile rangi yake. Tazama."

Akatoa mikono mifukoni, akainyoosha mbele yake. Chini ya dole gumba la kulia palikuwa pamevimba.

Ratemo alitazama nyumba, akatazama njia, kisha akageuka ili mgongo wake uzibe pale walipo, akaushika ule mkono. Hakuubusu wala hakuuweka kifuani kama wanavyofanya vijana wa kwenye simu. Aliukanda. Dole gumba lake lilitafuta mahali penye maumivu, likapata, likasukuma polepole kuelekea kwenye kifundo, jinsi wote wawili walivyofundishwa. Nyanchera alifumba macho. Watu wangapi walikuwa wamepita mikononi mwake, na ukimtoa mzee, hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza mikono yenyewe hupumzika wapi.

"Hapa?"

"Juu kidogo."

"Hapa?"

"Hapo."

Kisha Nyanchera akauvuta mkono wake.

"Kesho namwambia Jacinta anipunguzie wagonjwa. Nitamwambia mbele ya wote, hata kama si siku ya ile chai. Na babako namkabidhi kwa Eric, apende asipende. Hilo ni la mikono yangu, halikuhusu wewe."

"Na Kebirigo?"

"Kebirigo iko pale pale, haijahama. Ukienda, nenda ukijua sijajibu. Nimekukasirikia sana."

"Najua."

"Hujui. Ukijua nitakwambia."

*

Alirudi ndani kumalizia, kwa kuwa mgonjwa hawezi kuachwa nusu. Lilikuwa limebaki zoezi la mwisho, lile la kusimama. Mama Mokeira alikuwa anapanga vikombe na viazi mezani. Ratemo alisimama kizingitini, maana mzee sasa alikuwa amefunikwa vizuri na mwana angeweza kusalimia.

Nyanchera alisimama mbele ya mzee, akainama, akanyoosha mikono amshike kiunoni kama siku zote.

Mzee Onyiego akajivuta nyuma.

"Usinishike."

Mikono ya Nyanchera ilibaki hewani. "Mzee wangu? Umeumia?"

"Sijaumia. Nimesema usinishike."

Nyanchera alimwona mzee amekunja uso, ametazama pembeni, hamtazami machoni. Amenichoka na yeye, aliwaza. Hata huyu.

"Omogaka, mzee wangu, ni nini sasa?" alisema Mama Mokeira, chupa ya chai mkononi. "Huyu si ni daktari wako?"

"Alikuwa."

"Alikuwa vipi? Si ni yeye aliyekushika sasa hivi?"

"Sasa hivi nilikuwa sijui." Maneno yalikuja kwa shida, na aliyasubiri yaje yote. "Dirisha liko wazi, Mama Mokeira. Mimi nimepooza mguu. Sijapooza masikio."

Kule mlangoni Ratemo aliinamisha kichwa. Mama Mokeira alimtazama mwanawe, akamtazama Nyanchera, akarudi kwa mwanawe. Kila alipomaliza mzunguko uso wake ulikuwa umebadilika kidogo. Mwishowe aliweka chupa chini, akaanza kufunga upya kitambaa cha kichwa ambacho hakikuwa kimelegea.

"Na mimi nimemtuma kwa Gesare," alisema polepole. "Nimemtuma yeye."

"Umemtuma," alisema mzee.

"Na amemsifu. Amekaa hapo chini, mguu wako mkononi, akamsifu." Alimgeukia Ratemo. "Wewe mtoto, kama haungekuwa mkubwa hivyo ningekuchapa."

"Mama..."

"Nyamaza. Umenyamaza muda wote huo, nyamaza tena kidogo."

Nyanchera alikuwa bado amesimama pale pale. Sasa alikuwa ameelewa. Katika nchi ile mtu hakuambii karibu nyumbani kwa maneno matamu. Anakunyima mkono wake.

"Mzee wangu," alisema, "mimi na mwanao bado hatujakubaliana. Sijamjibu."

"Hayo ni yenu ninyi. Mjibu, usimjibu." Mzee bado alitazama dirisha, jinsi mtu wa umri wake anavyopaswa kuongea na mke wa mwana. "Yangu mimi ni mkono. Mkono wangu nimeutoa."

"Na kusimama utasimama na nani?"

"Leteni yule mwenye vidole vya chura. Nitamvumilia."

"Yuko Keroka. Leo utasimama na nani?"

Jua lilikuwa linaelekea upande wa pili wa mgongo wa Manga, na zoezi la kusimama halirukwi hata siku moja. Mguu unasahau haraka kuliko mwenye mguu. Nyanchera alimtazama Ratemo. Hawezi. Akaitazama mikono yake mwenyewe. Haiwezi tena. Kisha akamwona Mama Mokeira, mdogo kama kipande cha sabuni, aliyeishi na mtu huyu tangu wakiwa vijana na ambaye hapakuwa na sheria yoyote duniani ya kumzuia kumgusa.

"Mama, njoo hapa."

"Mimi? Huyu ataniangukia, nife."

"Hatakuangukia. Fanya ninavyokwambia." Nyanchera alirudi nyuma hatua moja, akaifunga mikono yake mgongoni, vidole vikishika vidole. "Piga goti moja mbele yake. Goti lako la pili liweke lizuie goti lake la kushoto. Usilisukume, lizuie tu. Hivyo. Mkono mmoja nyuma ya kiuno chake. Mzee, sogea mbele mpaka ukingo wa kiti. Rudisha visigino. Inama mbele, pua ipite vidole vya miguu."

"Nimeinama."

"Inama zaidi. Uliyeinua lori hawezi kushindwa kuinama."

"Lori halikuwa na mke wangu chini yake," alisema mzee.

Mama Mokeira alicheka bila kutaka, na yule mzee, akiwa bado ana kicheko cha mkewe sikioni, akasukuma. Alipanda kidogo. Goti la kushoto likatetemeka, likaenda pembeni. Mikono ya Nyanchera iliruka yenyewe nyuma ya mgongo wake, akaishikilia kwa nguvu hadi dole gumba likamchoma. Kule mlangoni Ratemo naye alikuwa amekamata miimo ya mlango kwa mikono yote miwili.

"Zuia goti, Mama. Moja," alisema Nyanchera.

"Mbili," alisema Ratemo kutoka mlangoni.

"Tatu."

Mzee Onyiego akasimama. Alisimama ameinama upande mmoja, kama nguzo ya stima baada ya upepo, ameegemea bega la mwanamke asiyemfika kidevuni, naye mwanamke amefumba macho akiomba kwa sauti ya chini. Lakini alisimama. Walimwacha apumue pale, kisha Nyanchera akamwongoza kurudi kitini kwa maneno, hatua kwa hatua, mpaka akakaa.

Mama Mokeira aliinuka akijifuta jasho. Alimtazama Nyanchera, ambaye bado mikono yake ilikuwa mgongoni kama mwanafunzi aliyesubirishwa.

"Tangu uanze kuja humu sijawahi kukuona umekaa," alisema. "Unapiga magoti, unasimama, unaondoka. Keti."

"Mama, nirudi tu, mlima..."

"Nimesema keti. Ratemo, mtolee kiti, wewe si mgeni."

Kiti kiliwekwa mbali na cha mzee, upande wa pili wa chumba, inavyofaa. Nyanchera akakaa. Akapewa kikombe, akakishika kwa mikono miwili na hakuna aliyemuuliza sababu. Mama Mokeira na Ratemo walikuwa wameanza kubishana kwa sauti ya chini kuhusu wazee gani waende Kebirigo, na kama mjomba mmoja anayependa kuhutubia anaweza kuachwa nyumbani bila kukasirika. Nyanchera alitaka kuwakumbusha kwamba bado hajajibu. Alilitafuta neno la kuanzia. Kiti kilikuwa na mto, na joto la chai lilikuwa linapanda mikononi.

Kikombe kiliinama. Ratemo alikiwahi, akakiondoa vidoleni mwake.

"Jamani, amelala," alisema Mama Mokeira. "Amelala mbele ya wakwe. Muamshe ale, viazi vinapoa."

"Mwacheni," alisema Mzee Onyiego, macho yake yakiwa bado dirishani. "Amechoka huyo. Mtu asimguse."